Bagamoyo, Makumira, Zanzibar au ng'ambo: kijana wa tarumbeta apelekwe wapi?

Kijana wangu alipomaliza kidato cha nne alikuwa anajua kazi moja tu ya kulipwa: kupuliza tarumbeta nyuma ya pikapu ya harusi. Kila Jumamosi ya Desemba, watu wa kwetu wakisharudi Moshi kula Krismasi na harusi zikawa nyingi kuliko wachungaji, alitoka saa nne asubuhi akarudi saa mbili usiku, midomo imevimba kama aliyeumwa na nyuki. Nilizoea. Hela ya madaftari ilitoka humo. Siku aliyoniambia, "Mama, nataka kusoma muziki, si kupuliza tu," nilikuwa nashona sare za kwaya. Niliendelea kushona kama sikusikia. Nilidhani itapita.

Haikupita. Miaka miwili baadaye yuko kidato cha sita, na mtoto wa dada yangu, ninayemlea mimi, amemaliza kidato cha nne na ameanza maneno hayohayo. Yeye hana chombo; ana sauti, kiuno na miguu. Mwaka mmoja, watoto wawili, cherehani moja. Nikafungua daftari la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma, nikaanza kulinganisha vyuo kama ninavyolinganisha vitenge. Haya yafuatayo yametoka kwenye daftari hilo.

Kwanza niseme nilipokosea. Nilianza kwa kulinganisha majina: kipi kinajulikana, kipi jirani akikisikia atanyamaza. Mwalimu wa bendi ya usharika wetu ndiye aliyenitoa huko. Alisema, "Mama, achana na ukubwa wa chuo. Uliza mlangoni wanataka mtoto aonyeshe nini. Wakitaka acheze, watamchezesha miaka yote. Wakitaka asome nota, ndizo atakazokula." Tangu hapo kila chuo nilikiandikia swali moja juu ya ukurasa: mlango wake unauliza nini?

Bagamoyo na Makumira

Kwa mtu wa Moshi au Arusha anayetaka mtoto abaki nchini, mvutano mkubwa uko kati ya hivi viwili, na havifanani hata kidogo.

Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, ilianza 1981 kama Chuo cha Sanaa, ikirithi vikundi vya taifa vya sanaa, ikageuzwa wakala wa serikali 2007. Marehemu Hukwe Zawose, yule Mgogo mpigaji wa ilimba na zeze aliyezunguka dunia, aliishi na kufundisha Bagamoyo. Ukikumbuka hilo umeshaelewa nusu ya chuo. Muziki pale unakaa nyumba moja na ngoma, maigizo, sarakasi na sanaa za ufundi. Mtoto wa gitaa anaamka na wapiga ngoma, anakula na waigizaji, na tamasha la kila mwaka la Bagamoyo linamkuta jukwaani mbele ya watu wasiomjua. Mlango wake unauliza: mwili wako unajua nini? Anayejiandaa kwenda huko namwandaa aimbe bila chombo, apige mdundo kwa mikono, aitikie wimbo asioujua, acheze bila aibu. Binti wa dada yangu alikuwa na vyote hivyo kabla hajajua neno usaili.

Tumaini Makumira ni jambo jingine. Kipo Usa River, barabara ya Moshi na Arusha, kama kilomita 20 kabla ya kufika Arusha mjini ukitokea kwetu. Ni chuo kikuu cha KKKT, kanisa la Kilutheri. Wachungaji wengi waliotubatiza wamepita pale, maana shule ya theolojia iko Makumira tangu miaka ya 1950. Wana shahada ya muziki inayochanganya muziki wa Kiafrika na wa Kimagharibi: kwaya, kinanda, nadharia, ngoma na vyombo vya asili. Hapa mlango unauliza: unasoma? Simaanishi vitabu pekee. Nota. Kijana anayepiga kwa sikio tu anaweza kuingia na kufika mbali, lakini muhula wa kwanza atautumia kukimbiza wenzake.

Na hapo ndipo nilipojua kwamba wangu hasomi nilivyodhani anasoma.

Bendi zetu za tarumbeta za mlimani zimetokana na Wajerumani, wamisionari wa Leipzig walioanza kazi Kilimanjaro 1893 na waliowafuata. Bendi za makanisa ya Ujerumani zina desturi yao: nota iliyoandikwa ndiyo inayosikika. Bendi yetu nayo inasoma hivyo. Ulimwengu mwingine wa tarumbeta hausomi hivyo. Tarumbeta ya kawaida ni ya B flati, na nota zake huandikwa toni moja juu ya zinavyosikika. Kwa hiyo wangu akiona C kwenye karatasi anabonyeza pistoni ya kwanza na ya tatu. Wenzake wakiiona C ileile hawabonyezi chochote. Tulikuja kugundua siku alipopiga wimbo wa mtihani na mpiga kinanda wa kanisani. Tarumbeta ilikuwa toni nzima juu ya kinanda. Mpiga kinanda akadhani kinanda kimeharibika. Kijana akadhani mpiga kinanda amelewa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nyuma na uzi mdomoni, sikuelewa lolote isipokuwa kwamba inaumiza.

Ilimchukua karibu miezi miwili kuhamisha vidole. Mtoto wako akitokea bendi ya kanisa, fanya jaribio hilo sasa hivi, wiki hii, kabla hujalipa fomu yoyote: mpe nota za tarumbeta zilizochapishwa pamoja na sehemu ya kinanda, wapige pamoja. Waimbaji nao wana shimo lao. Aliyelelewa kwenye solfa, do re mi za kuandikwa kwa herufi, anaimba sehemu yake vizuri kabisa lakini akiwekewa mistari mitano anaona mchwa. Waliotokea kwaya za Kikatoliki zinazotumia nota za mistari mara nyingi wako mbele kwa hili, tukubali tu.

Sasa vyeti, kwa sababu kipaji bila cheti kinarudishwa getini. TaSUBa inafuata ngazi za NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi: anayetoka kidato cha nne anahitaji ufaulu wa masomo manne, alama D kwenda juu, na masomo ya dini hayahesabiwi. Hilo la dini limewaumiza watoto wengi wa seminari waliodhani wana nne kumbe wana tatu. Akiingia anaanza ngazi ya 4, anapanda ya 5, anamaliza stashahada ngazi ya 6, jumla miaka mitatu. Makumira na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani tunavyokiita, ni shahada, kwa hiyo ni sheria za TCU, Tume ya Vyuo Vikuu: ufaulu wa masomo mawili makuu ya kidato cha sita, jumla isipungue pointi 4, ambazo ni kama D mbili.

Jambo ambalo sikulijua, na lililonifanya nilale usingizi: Bagamoyo haifungi njia ya chuo kikuu. Mwenye stashahada yenye wastani wa GPA 3.0 na ufaulu wake wa kidato cha nne anaweza kuomba shahada. Hivyo kwa mtoto wa kidato cha nne chaguo si "ngoma sasa au shahada". Anaweza kupita Bagamoyo, akajijua, akaja Makumira au Mlimani akiwa na miaka 20 na mikono iliyokomaa. Ukimlazimisha kwanza kidato cha tano ilhali hapendi, kuna hatari apate daraja la nne na midomo iliyolala miaka miwili. Lakini kama mtoto anafaulu darasani bila kusukumwa, kidato cha sita kina faida ya njia mbili: akichoka muziki ana pengine pa kwenda. Mume wangu alishikilia hoja hiyo kama mtu anayeshika kamba ya ng'ombe, na sikuwa na la kumjibu.

Umbali nao una uzito. Kutoka Moshi mpaka Usa River ni safari ya Costa, basi dogo. Unaweza kwenda, ukaangalia madarasa, ukarudi kupika chakula cha jioni. Bagamoyo ni safari ya siku nzima. Wengi hupanda basi la Dar, wakafika kituo cha Ubungo au cha Magufuli usiku, wakalala, kesho wakarudi kaskazini tena hadi Bagamoyo. Msifanye hivyo. Mwambieni kondakta awashushe Msata, kabla ya Chalinze. Kuna barabara ya lami, kilomita 64, inakata moja kwa moja hadi Bagamoyo. Mtoto anafika mchana, anakula, analala, kesho yake anaimba. Sauti iliyolala basini haidanganyi mtu.

Mlimani na Zanzibar, kwa ufupi usiolingana

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nakigusa haraka. Sanaa za maonyesho ziko pale tangu miaka ya 1960, muziki unasomwa kama taaluma, na mhitimu anatoka na jina la Mlimani ambalo ofisini linafungua mlango kuliko jina lolote katika orodha yangu. Kwa mtoto anayependa kuandika kuhusu muziki, kuufundisha, kuutafiti, ni pazuri. Wangu alisikia neno utafiti akaangalia pembeni. Nikafunga ukurasa.

Zanzibar ilinichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu ya binti. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kilianzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002, na kiini chake ni taarabu na ngoma za visiwani: udi, kanuni (chombo cha nyuzi nyingi), fidla, akordioni, nai, dumbaki, pamoja na uimbaji. Ukitaka mtoto wako ajue tofauti ya sauti ya mdundo wa pwani na wa bara, hapo ndipo. Mlango unauliza sikio. Kuna sauti za taarabu zinazokaa katikati ya funguo mbili za kinanda; mtoto aliyekulia kinanda cha kanisani anaziita "imekosea kidogo" mpaka siku sikio lifunguke. Ukimwekea mtoto kipande cha kanuni na akakaa kimya, akakuomba urudie, mpeleke. Akisema inachosha, umeokoa nauli ya boti.

Kwa binti wa miaka 17 nilipima pia malazi. Bagamoyo ni chuo chenye maisha ya wanafunzi. Zanzibar unahitaji mwenyeji, ndugu au rafiki wa kweli, atakayejua saa ngapi amerudi. Sisi hatuna ndugu Unguja. Kama unaye, mizani yako itakuwa nyingine. Na ukiangalia kazi: mpigaji wa udi au kanuni anayeweza kusimama mbele ya wageni hotelini hakosi mwaliko, na tamasha la Sauti za Busara kila Februari linakusanya watu wa muziki kutoka Afrika nzima mlangoni kwako. Ni faida ambayo sisi wa mlimani hatuna. Huku kwetu msimu ni harusi na kipaimara, basi.

Ng'ambo, au nilivyopoteza Jumamosi tatu

Kuna mzazi anasoma hapa kwa sababu ya kipengele hiki tu. Namwelewa, nami nilikuwa hivyo.

Nairobi ndiyo ng'ambo iliyo karibu. Kutoka Arusha kupitia Namanga ni kama kilomita 270, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kinafundisha muziki kwa miaka mingi. Kuna pia Kenya Conservatoire of Music, iliyoanzishwa 1944, kwa masomo ya chombo. Kwa mtu wa Arusha, Nairobi ni karibu kuliko Bagamoyo. Wengi tunaisahau kwa sababu ya mpaka.

Uingereza ina utaratibu mzuri sana na bei mbaya sana. Vyuo vingi vya muziki vya kule vinaombwa kwa mfumo mmoja wa UCAS, na siku ya mwisho ni mwanzoni mwa Oktoba, karibu mwaka mzima kabla ya kuanza masomo. Usaili ni Novemba na Desemba, na walio mbali mara nyingi huruhusiwa kutuma video. Kwa kalenda yetu ina maana mtoto aombe akiwa ndiyo kwanza ameingia kidato cha sita. Ada ya mwanafunzi wa nje inazidi pauni 25,000 kwa mwaka. Nilipoiandika kwenye daftari niliifunika kwa kipande cha kitenge ili mume wangu asiione.

Ujerumani ada ni ndogo au hakuna, kutegemea jimbo; chuo cha muziki cha Leipzig, mji uleule wa wamisionari wetu, kinawatoza walio nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,800 kwa muhula. Lakini ubalozi unataka uonyeshe fedha za kuishi mwaka mzima kwenye akaunti maalumu, na kwa viwango vya 2024 zilikuwa euro 11,904. Juu yake kuna Kijerumani, mtihani wa nadharia na wa kusikiliza, na kinanda kama chombo cha pili hata kama wewe ni wa tarumbeta. Marekani nako wanaanza na video ya mchujo, nyingi siku ya mwisho ni tarehe 1 Desemba, kisha usaili wenyewe kati ya Januari na Machi. Ada ya vyuo vyao vikubwa vya binafsi, kama Berklee ya Boston, inazidi dola 40,000, ila wana tabia ya kutoa ufadhili mkubwa kwa wachache. Neno la kushika ni wachache.

Tulijaribu Marekani. Kijana yuko bweni, ikabidi niombe ruhusa kwa mkuu wa shule, Jumamosi moja ya Novemba. Tukaenda ukumbi wa usharika. Nilisahau kwamba ni vuli na ukumbi ni wa bati. Alipofika katikati ya wimbo wa pili mvua ikashuka kama mawe. Jumamosi ya pili nikasema tusicheze, twende studio. Studio moja hapa mjini ikatutoza hela nzuri, na fundi mitambo, kijana mwenye moyo mwema, akatupendezeshea: akaweka mwangwi, akanyoosha nota zilizopinda, akaunganisha mwanzo wa mara ya kwanza na mwisho wa mara ya tatu. Ilisikika kama redioni. Kisha kijana akasoma masharti tena kwa sauti, taratibu: video isikatwe, isihaririwe, mkono na uso vionekane muda wote. Haikufaa hata kutumwa.

Jumamosi ya tatu tuliingia kanisani saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya bodaboda. Simu juu ya stuli, stuli juu ya meza ya sadaka (mzee wa kanisa aliruhusu, msinisemee vibaya), mita tatu kutoka kwa mpigaji, kengele ya tarumbeta, ule mdomo wake mpana, ikiangalia pembeni kidogo ili simu isipasuke sauti. Simu kwenye hali ya ndege. Mara ya nne ikawa safi. Tukatuma. Jibu lilikuja Januari, la heshima, la hapana.

Sikujuta Jumamosi ya tatu. Video ileile ilitumika baadaye kuomba vyuo vya hapa na kuomba mwalimu. Ukishindwa na vyote, fanya video hiyo. Na kuna njia ya kuipa kazi zaidi: tangu 2020 ABRSM, bodi ya London ya mitihani ya muziki, inakubali mtihani wa kupiga kwa video. Mtoto anapiga nyimbo nne mfululizo bila kusimamisha, anatuma, anapata cheti kinachojulikana duniani bila kutoka Moshi. Ila akitaka kupanda daraja la 6 na kuendelea lazima kwanza awe na nadharia ya daraja la 5 au mtihani mwingine wanaoukubali badala yake. Kwa mtoto wa solfa, nadharia hiyo ni dawa yenyewe.

Kalenda, na lile la JKT

Hapa vyuo vya ndani vinashinda bila ubishi. Mtihani wa kidato cha nne Novemba, matokeo Januari. Wa kidato cha sita Mei, matokeo Julai, na madirisha ya vyuo vikuu yanafunguka hapohapo. Mtoto anaomba akiwa na matokeo mkononi. Ng'ambo anaomba akiwa na matumaini tu.

Lakini baada ya mtihani wa Mei kuna JKT, mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa. Wangu aliitwa mwezi Juni. Nani anafikiria midomo wakati huo? Tulifikiria viatu, fulana, dawa za malaria. Aliporudi, mwembamba, mweusi na mwenye adabu ya kutisha, alichukua tarumbeta akapuliza ikatoka hewa. Msuli wa midomo unasahau haraka. Mwalimu wa bendi alimkataza nyimbo kwa wiki tatu: sauti ndefu tu, za chini, polepole, asubuhi robo saa na jioni robo saa. Majirani waliniuliza kama nimenunua ng'ombe. Mpiga kinanda au gitaa anaumia vidole siku chache. Mwimbaji anarudi na sauti ya gwaride, kooni, ambayo nayo inahitaji muda. Kama usaili wa mtoto wako uko mwezi mmoja baada ya JKT, hesabu mwezi huo kama wa matibabu.

Kuhusu pesa: mkopo wa Bodi ni hoja ya kweli upande wa shahada, yaani Makumira na Mlimani, ingawa Bodi ina fani za kipaumbele na muziki hauko mstari wa mbele. Kwa stashahada, mikopo imeelekezwa kwenye fani chache kama afya, ualimu wa sayansi na uhandisi, hivyo anayekwenda Bagamoyo apange kulipiwa na nyumbani. Kwa upande mwingine miaka yake ya kwanza ni ya gharama ndogo kuliko chuo kikuu. Nilipojumlisha na nauli na chakula, tofauti ilikuwa ndogo kuliko nilivyoogopa. Chombo ndicho kinachoumiza. Tarumbeta ya usharika ni mali ya usharika. Akiondoka nayo bendi inabaki na pengo. Uliza mapema kama chuo kina vyombo vya kuazima. Ukinunua cha mtumba, pistoni zishuke na kupanda zenyewe bila kukwama, na mrija wa kutunia, yaani wa kurekebisha sauti, uvutike kwa mkono. Ukihitaji koleo, rudisha.

Tulichagua nini

Binti alikwenda Bagamoyo. Tulijua siku nyingi. Wakati mimi nabishana na daftari, yeye alishaanza kufundisha watoto wa mtaani ngoma ya Kipare aliyoiona kwenye msiba.

Kijana alichelewa kuamua, na sitasema uongo kwamba uamuzi ulikuwa wake pekee. Baba yake alitaka shahada, mimi nilitaka awe mahali ninapoweza kufika kwa Costa, yeye alitaka mtu wa kumfundisha kupiga kwa ulaini. Harusi zilimfundisha kupiga kwa nguvu ili asikike kuliko honi za magari. Kila mlango aliokwenda kugonga ulitaka aonyeshe kinyume. Makumira ikatimiza matatu kwa pamoja, ndiyo maana ikashinda. Sababu yako ikiwa tofauti na hizi tatu, mshindi wako atakuwa mwingine.

Kitu kimoja tulichofanya nyumbani wiki mbili kabla ya kupimwa kilimsaidia kuliko mazoezi yote ya mwezi ule. Tuliandaa usaili wa uongo sebuleni. Mwalimu wa bendi alikaa kwenye kochi, shangazi yake akakaa pembeni na kalamu, na nikamwita jirani yetu, mama anayeuza ndizi Mbuyuni, asiyejua nota wala solfa, akae katikati. Kijana aingie kwa kubisha hodi, aamkie, aseme jina lake na atapiga nini, apige, ajibu maswali, atoke. Mimi na baba yake tulikaa nje, mlango umefungwa, kama itakavyokuwa siku yenyewe. Mara ya kwanza alisahau kuamkia. Mara ya pili alianza wimbo haraka mno akakwama. Mara ya tatu alipiga vizuri, na shangazi akamuuliza swali la kizushi: "Kwa nini muziki na siyo udaktari?" Akakaa kimya muda mrefu mpaka nikataka kuingia nimjibie. Baba yake akanishika mkono.

Nikamsikia anasema, "Shangazi, nikipuliza kwa nguvu nachoka. Nikipuliza taratibu sichoki. Nataka kujua kwa nini."

Yule jirani akasema, "Mpeni nafasi huyu," akaomba maji ya kunywa.